Mwaka wa Nyumba ya Vitu

Barua ya Filomena ilifika siku ya nane tangu tumzike bibi yake. Juu ya bahasha lilikuwa jina la Tabu, na Tabu hayupo tena wa kuipokea, basi mwalimu wa shule akaniletea mimi. Hapa Ifakara nani asiyejua kwamba mimi na Tabu tulikuwa mawifi tangu enzi za Mjerumani, na kwamba hata alipoolewa kwa mume mwingine akazaa na kupata wajukuu hatukuacha kuitana wifi? "Shikamoo bibi," akasema mwalimu, "barua imetoka Ulaya, nikusomee?" Nikamjibu, "Marahaba. Soma, ila paza sauti, mwenyewe alikuwa hasikii vizuri." Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akafungua bahasha. Filomena yuko huko anasomea unesi. Aliandika habari za baridi, akaandika habari za viazi asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikamwonea huruma, kisha akaandika jambo lililonifanya niweke chini ungo wangu wa mchele. "Bibi, hapa mjini kuna jumba la makumbusho. Siku ya mapumziko watu wanatoka kwenye nyumba zao zenye joto, wanapanga mstari kwenye baridi, wanaingia kuangalia vyungu, vigoda na mikuki ya watu wasiowajua. Vyungu, bibi! Hakuna aliyewalazimisha. Nimejiuliza mpaka nimechoka, hivi wanatafuta nini?" Mwalimu alitaka kugeuza ukurasa. Nikamwambia aishie hapo kwanza, aje kesho. Akashangaa. Lakini mimi ni mzee, na swali hilo niliulizwa nikiwa na miaka kama kumi na minane, nikapewa na kazi ya kulitafutia jibu, na jibu langu halikuwa limekamilika. Nilitaka kulala nalo usiku mmoja kabla ya kusikia mengine.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita vya Maji Maji. Watoto wa siku hizi wakisikia vita wanauliza nani alishinda. Sisi tulikuwa tunauliza nani amerudi. Ghala za mpunga zilichomwa moto, mbegu zikaungua, na bonde hili mnaloliona limejaa mpunga lilikuwa majani matupu. Tulikula vizizi vya yungiyungi, tunavichimba kwenye tope huku maji yametufika kifuani, na aliyepata kambale mmoja alimkausha akamchemsha mara tatu kabla ya kumtafuna. Kaka yangu Ngwila alikwenda vitani na kasia lake begani, maana walivuka mto kuelekea upande wa Malinyi. Asubuhi aliyoondoka mama alimpa punje chache za mpunga wa mbegu, akamwambia, "Urudi uzipande mwenyewe." Sikuona alizitia wapi. Niliona tu wamesimama wawili nyuma ya jiko, wameinamiana, na nilipokaribia mama akanituma maji. Ngwila hakurudi. Hakuja mtu kusema amekufa, wala hakuja mtu kusema yuko hai.

Sasa elewa tabu ya Tabu, maana jina lake lilimkaa sawasawa. Alikuwa mke wa Ngwila, ameolewa hata mwaka haujaisha, mtoto hana. Nyumbani kwetu, mtu asiyeonekana mwili huzikwa kwa kitu alichokishika kila siku. Mkulima ni jembe lake, mvuvi ni kasia lake. Kitu kikizikwa, matanga yanakaliwa, nywele zinanyolewa, mjane anaachiliwa. Bila kitu hakuna kilio. Mama alikuwa mkali juu ya jambo hilo kama askari wa lango. Kila jioni alitenga chakula cha Ngwila kwenye kibakuli, hata siku ambayo chakula chenyewe kilikuwa vizizi vinne kwa watu watatu, na asubuhi alikitupia kuku, na kuku wenyewe walikuwa mmoja. "Kasia likija, nitalia," alisema. "Kasia halijaja, mwanangu yuko safarini." Tabu alikaa pale, si mke si mjane. Siku moja tukitwanga aliacha mchi katikati ya kinu, akaniuliza, "Wifi, mimi ni mke wa nani?" Nikauchukua mchi wake, nikaendelea kutwanga. Nilimpenda kaka yangu kwa moyo wote, lakini nilimwonea Tabu uchungu kuliko maiti yoyote ya vita ile.

Mjerumani tuliyemwita Bwana Nini alifika wakati huo. Kazi yake ilikuwa kupima bonde kwa kamba na miti yenye rangi, lakini mapenzi yake yalikuwa vitu. Kila alipopita aliuliza, "Nini hii?" Kinu, nini hii. Mgono wa kutegea samaki, nini hii. Mwanamke akijikuna, nini hii. Mrefu, mwekundu, miwani puani, na sura yake muda wote ilikuwa ya mtu aliyeamshwa ghafla. Alipanga ghala tupu la mfanyabiashara mmoja wa pwani, karibu na Kivukoni, lenye kuta nene na sakafu ya chokaa, akaanza kukusanya. Vingine alinunua kwa chumvi au kwa kitambaa. Vingine vililetwa na askari kutoka vijiji vilivyochomwa, na vya hao hakuuliza vimetokaje. Wanaume walikuwa wamekwisha, huyu amekufa, yule amekimbia, mwingine amepelekwa kubeba mizigo. Basi akatafuta mwanamke wa kuvitunza vitu, anayejua majina yake kwa Kindamba na Kipogoro na anayeweza kuyasema kwa Kiswahili. Mimi Kiswahili nilikijua kwa kumtwangia mpunga yule mtu wa pwani. Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni njaa. Ya pili sikumwambia mtu: kila mzigo uliotoka ng'ambo ya mto ungepita mikononi mwangu, na kama kasia la Ngwila lipo duniani, ningeliona.

Nyumba ile naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri wa ghala, na harufu ya mpunga wa zamani iliyoganda kwenye kuta, ukiivuta tumbo linanguruma. Vitu vilipangwa juu ya vichanja vya mianzi: vinu, vigoda, ngoma, migono, pinde, vibuyu vidogo vya dawa ya vita, mapembe ya ugoro, vyungu, makasia yamesimamishwa ukutani. Kila kimoja kilifungwa kikaratasi kwa uzi, na maandishi membamba ya Bwana Nini. Sikujua kusoma, lakini nilivijua vikaratasi vyote kwa madoa yake. Kwenye chumba cha pembeni alikaa yeye na kahawa yake na mkate mgumu. Aliniachia kipande cha mkate kila siku, akidhani sioni kwamba ameuacha makusudi. Hakuwa mtu mbaya. Najua vijana hawapendi niseme hivyo. Alikuwa na adabu na vigoda, akivifuta vumbi kwa kitambaa cha mkononi, na hakuuliza hata siku moja waliovikalia wako wapi.

Jumapili ilikuwa jambo jipya kwetu. Siku sita watu walisukumwa kwenye barabara na mashamba ya pamba ya serikali, siku ya saba Wazungu wakapumzika, basi na sisi tukapumzika kwa kuwa hakukuwa na wa kutusukuma. Bwana Nini akatangaza kwamba siku hiyo mlango uko wazi, atakaye aje atazame. Nilimcheka moyoni. Nani atatembea na njaa yake kuja kutazama kinu? Lo! Jumapili ya kwanza walikuja kumi, ya pili wakajaa hadi barazani. Wengine walitembea toka Kisawasawa alfajiri, wengine walikuja kwa mitumbwi. Wa mitumbwi walikuwa na desturi yao, na ni desturi yetu sote wa mtoni: mtu hauachi mtumbwi na kasia ndani, ataondoka nao mwingine. Analibeba kasia lake popote aendapo, hata msibani, hata harusini. Kwa hiyo kila Jumapili nje ya mlango wa nyumba ya vitu palikuwa na safu ya makasia yameegemezwa ukutani, na ndani safu nyingine yenye vikaratasi. Bwana Nini alifurahi mno, akazunguka na daftari. Jioni akaniita. "Siku ya kupumzika wangeweza kulala," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Kwa nini wanakuja? Waulize. Kila mmoja. Nataka kuandika."

Basi nikawa mwuliza maswali. Nilikaa mlangoni kwenye kigoda, kila anayetoka namwuliza, na wao wananitazama kama mtu aliyeingiwa na wazimu wa mwajiri wake. Mzee mmoja alinijibu, "Nimekuja kupoza miguu kwenye sakafu." Vijana wawili walisema wamekuja kutazama ngoma, lakini macho yao yalikuwa kwa wasichana, nikamwambia Bwana Nini hivyohivyo naye akaandika. Bibi kizee mmoja alisema, "Nimekuja kuona kinu kinavyopumzika, maana mimi na changu hatujapumzika tangu tujuane." Na alikuwepo mtu mmoja mpole, mfua vyuma, aliyesema jambo ninalolifikiria mpaka leo. "Nyumbani kinu ni kinu tu, unakipita. Hapa kimesimama peke yake, hakuna anayetwanga, nimeona leo kwa mara ya kwanza kwamba kina kiuno." Bwana Nini aliposikia hilo aliweka kalamu chini, akaenda kukitazama kinu upya. Nami nilikwenda. Haki ya Mungu, kilikuwa na kiuno.

Lakini haya yalikuwa majibu ya midomo. Baada ya Jumapili nne nilianza kuona miguu yao inajibu vingine. Wanaouliza, wanaocheka, wanaoshikashika, hao hawana chao mle ndani. Mwenye chake alijulikana kwa kimya. Aliingia akizunguka polepole, anakagua ukuta hadi ukuta, na akikiona kitu chake hasimami mbele yake. Anasimama mbele ya kitu cha jirani. Anatazama chungu kwa bidii, na jicho la pembeni liko kwenye upinde. Nilijua kwa nini. Mwanzoni kabisa mwanamke mmoja aliona kibuyu cha mumewe akalia kwa sauti. Barazani alikaa askari mzee aliyewekwa kulinda, mtu wa usingizi mwingi, lakini kilio kilimwamsha. "Cha mumeo? Basi mumeo alikuwa na wale wa dawa ya maji. Ndugu zake wako wapi?" Wiki haikuisha, baba mkwe wa yule mama alichukuliwa kubeba mizigo kwenda pwani, na mzee mwenyewe alikuwa hata kuni hawezi kubeba. Tangu hapo hakulia mtu. Walikuja, wakaona, wakajua nani amekufa, wakaenda kunyamaza nyumbani. Hayo sikumwambia Bwana Nini. Kwenye daftari lake watu wote wa bonde hili wanapenda sakafu ya baridi.

Mzigo wa kutoka Malinyi ulifika mchana wa Jumanne, umebebwa na watu sita. Nilikuwa nafagia. Wakafungua kamba, wakamwaga vitu juu ya sakafu, na kasia la Ngwila likaanguka kifudifudi miguuni pangu. Mikato mitatu chini ya kishikio, alama yake ya uvuvi. Na ukingoni mwa bapa, doa la kuungua ukubwa wa dole gumba, ambalo nililifanya mimi nikiwa mtoto, nikaliacha karibu na mafiga, na Ngwila akanipiga kofi, kisha akanipa kichwa cha samaki ninyamaze. Bwana Nini akauliza, "Nini hii?" Nikasema, "Kasia, bwana." Nikaendelea kufagia palepale nilipokwisha kufagia. Alilifunga kikaratasi, akalisimamisha ukutani, la tano kutoka mlangoni. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika ule mkate wake.

Tabu nilimwambia siku ileile. Hakulia. Jumapili alikuja na mtumbwi, akaegemeza kasia lake nje, akaingia, akasimama mbele ya ngoma iliyokuwa kando. Alisimama sana. Alipotoka aliniambia, "Ni lake. Wanalipeleka lini?" Maana tulijua sote, Bwana Nini alikuwa ameshatengenezewa masanduku, yako barazani, na kila sanduku limeandikwa kwa rangi nyeusi jina la mji wake. Alinifundisha hata kulitamka, nami nikawafundisha kina Tabu, tukawa tunalitamka kwa kucheka. Kabla ya mvua za masika vitu vyote vingebebwa hadi pwani, vipande meli, viende vikakae kwenye jumba kubwa la huko ambako, alisema, watu wengi watakuja kuvitazama siku za mapumziko. Zilibaki Jumapili tatu. Mama alipoambiwa akasema tu, "Sijaliona mimi. Lileteni nilione." Na jioni ile akatenga kibakuli kama kawaida.

Nilijaribu njia ya wazi kwanza, ili isije ikasemwa kwamba mimi ni mwizi wa kupenda. Nilimwuliza Bwana Nini akinywa kahawa, "Bwana, mtu akikiona kitu chake humu, atapewa?" Akainua kichwa, macho yanang'aa kwa hamu ya kujua. "Nani? Nani amekiona kitu chake? Alete habari zake, niandike!" Barazani nikasikia kigoda cha askari kimelia. Nikasema nimeuliza tu. Ilibaki njia ya Tabu. Yeye alikuwa binti wa mchonga mitumbwi, na ingawa kazi ile ni ya wanaume, wanaume walikuwa wapi? Alichukua ubao wa mtumbwi uliovunjika, mti ambao tayari umezeeka majini, akachonga ndani ya jiko la mama, mlango umefungwa. Kila jioni nilirudi na vipimo kichwani: urefu ni kutoka kidevu changu hadi nyayo, bapa ni shubiri na vidole viwili. Mikato alikata yeye. Doa nililichoma mimi kwa kaa la moto. Kisha tukaliweka darini pamoja na samaki wa kukaushwa, likafuka moshi siku nane, tukalipaka mafuta ya kambale, likawa jeusi, likanuka miaka ishirini. Tulipolishusha nilisema, "Wifi, hata Ngwila angelibeba." Tabu akalipitisha kiganjani, akasema hapana, lake lilikuwa jepesi kidogo. Tukacheka, halafu kicheko kikatuishia.

Jumapili ya mwisho watu walijaa kuliko siku zote, kana kwamba kuna mtu anaagwa. Tabu alikuja na kasia jipya, akaliegemeza nje kwenye safu. Mpango ulikuwa rahisi. Watu wakiwa wengi, mimi nalitoa la ndani kama mtu anayefuta vumbi, nafungua uzi, nalichukua la nje, nabadilisha, Tabu anaondoka na la mumewe. Nilifika katikati ya mpango. Nimesimama karibu na mlango, kasia mkono huu, kasia mkono huu, kikaratasi nimekibana kwa meno kama mjinga, Bwana Nini akatokea mbele yangu. "Nini hii?" Nikatema kikaratasi. "Kasia, bwana." "Mawili?" "Moja la mgeni, bwana, amesahau kuliacha nje. Na hili uzi wake umekatika." Hakukasirika. Alifurahi, ndiyo iliyokuwa balaa yake, kila kitu kilimfurahisha. Akayachukua yote mawili, akayapima uzito, akayageuza, akayatazama kwa kile kioo chake cha mviringo, akapitisha kidole juu hadi chini. Askari akasogea kuona. Nikaokota kikaratasi sakafuni, nikampa. Kisha akanirudishia moja. "Mpe mwenyewe," akasema, na jingine akalifunga kikaratasi kwa mkono wake, mafundo mawili.

Nililitazama lile nililorudishiwa. Mikato mitatu. Doa la kuungua. Nikaona kabisa kwamba ni la Ngwila. Niliona mkono wake pale kwenye kishikio, niliona weusi wake ni weusi wa mto wala si wa moshi. Ningeapa mbele ya mtu yeyote. Nilimpa Tabu, naye akalipokea, akashuka mtoni, nami baada ya kufunga nyumba nikamfuata, tukapanda mtumbwi mmoja. Alipiga kasia lile njia nzima, kama saa nzima, na machozi yalimtoka njia nzima bila sauti. Nilimwacha alie. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba anamlilia mumewe.

Mama alitusubiri ukingoni. Alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza mapajani. Hakutazama mikato wala doa. Aligeuza kishikio juu, akaweka ncha ya dole gumba kwenye kichwa cha mpini, akabonyeza kwa ukucha, akabonyeza tena, kama mtu anayetafuta kitu kilichoingia kwenye ngozi. Tabu akainamisha uso. Halafu mama akamtazama Tabu. Alimtazama yeye, kasia hakuliangalia tena. Akasema, "Ni lenyewe. Mzikeni mwanangu." Na hapo akalia, jamani, kilio cha mwaka mzima, hadi majirani wakaja mbio. Tulimzika Ngwila asubuhi, katika kaburi la urefu wake. Mama alimnyoa Tabu kwa mkono wake. Jioni hakutenga kibakuli, vizizi vyote tukala watu watatu. Baadaye Tabu akaolewa na mvuvi mwema wa Malinyi, mama mwenyewe akiwa ndiye aliyemfunga kitambaa kichwani. Jambo moja tu lilinishangaza kwa mama siku zile, nikaliona ni la uzee. Masanduku yalipoondoka aliniuliza, "Hizo nyumba za Ulaya, zinavuja?" Nikamwambia sidhani. "Na panya je?" Nikamwambia, "Mama, sasa wewe na panya wa Ulaya wapi na wapi?" Akasema, "Nauliza tu," akaenda kupepeta.

Hayo ndiyo niliyolala nayo usiku ule wa barua. Nilijiona nina jibu zuri la kumpelekea Filomena: kwamba wapo wanaokuja kupoza miguu, wapo wanaokuja kuona kiuno cha kinu, na wapo wanaokuja kutafuta chao, na hao usiwaulize. Nilijiona mjuzi kweli. Mwalimu akaja jioni ya pili, akafungua ukurasa wa pili, akasoma.

"Bibi, nimefanya ulivyoniagiza. Nilikwenda Jumapili tatu, na ya tatu nimelipata lile kasia ulilonituma nikalitafute. Lina mikato mitatu na doa la kuungua, kama ulivyosema. Nililisimamia mpaka mlinzi akanikaribia kuuliza kama naumwa. Ila kuna jambo hukuniambia, sijui kama ulilijua. Kwenye kadi yake wameandika kwamba kichwa cha mpini kimetobolewa tundu, tundu limezibwa kwa nta na masizi, na ndani ya nta walikuta punje tatu za mpunga. Wameziweka pembeni kwenye kikombe kidogo cha kioo. Hazijaoza, bibi."

Mwalimu aliniuliza kama aendelee. Nilimwomba maji. Nilikunywa, nikamwambia asome tena kuanzia mwanzo wa ukurasa, akasoma. "Lile kasia ulilonituma nikalitafute." Tabu alijua! Na angekosaje kujua? Lile tulilolizika alilichonga mwenyewe, alipiga maji kwa kazi ya mikono yake saa nzima, na alishaniambia kwamba la mumewe lilikuwa jepesi kuliko hilo. Alijua, akanyamaza, kwa kuwa alikuwa na miaka ishirini na alitaka kuishi. Na mama alijua. Alitafuta nta kwa ukucha wake hakuipata, akamtazama mkwewe, akaamua. Miaka yote hiyo kila mmoja akaibeba siri yake akidhani mwenzake hajui, na mimi katikati yao, mimi niliyeuliza bonde zima maswali mwaka mzima, sikumwuliza hata mmoja. Nikilalamika nitamlalamikia nani? Mama angelitikisa kichwa siku ile, Tabu angezeekea jikoni kwetu, na hakuna Filomena wa kwenda Ulaya kuliona. Nililia mbele ya mwalimu, mtoto wa watu hakujua afanye nini na mikono yake.

Kisha nikamwambia achukue kalamu aandike. "Filomena mjukuu wangu, bibi yako amefariki, tumemzika vizuri, usiache masomo. Jumapili nenda tena. Mlinzi akija mwambie huumwi. Usisimame mbele ya kasia, simama mbele ya kitu cha jirani, ndivyo tunavyofanya sisi. Ukiona hakuna anayekusikiliza, mwambie taratibu kwamba mama yake alimlilia, na kwamba mbegu zake tumeshamuona nazo. Halafu mwambie Tabu yuko njiani." Mwalimu akauliza, "Bibi, nimwambie nani? Kasia?" Nikamwambia, "Andika hivyohivyo. Yeye ataelewa."